Udhamini wa Jeshi Texas

SWALI: Binti yangu anasoma Texas. Eti jimbo humlipia ada anayekubali kuingia jeshini. Akighairi je? Na hizi pesa za utafiti wa ubongo, hazimhusu?

JIBU: Akighairi, udhamini hugeuka mkopo, mama, naye ataulipa. Mpango huo wa mwaka 2009 una mlango mwembamba: lazima ateuliwe na gavana, naibu wake, seneta au mbunge wa jimbo, apitie mafunzo ya uofisa akiwa chuoni, kisha atumikie miaka 4. Ausome mkataba kabla hajatia saini. Vijana huona tarakimu tu. Zile dola bilioni 3 walizopitisha wapiga kura Novemba 2025 ni za watafiti wa maradhi ya kusahau. Hazilipi ada.