SOMO LA 9: INSHA YA MAELEKEZO – KUPIKA SARARA NZIMA

Insha ya maelekezo ni insha isiyo ya kisanaa inayomwonesha msomaji namna ya kufanya jambo. Jiulize: je, mtu asiyewahi kufanya jambo hili ataliweza kwa kusoma insha yangu tu?

Swali: Eleza namna ya kupika sarara nzima ya ng'ombe kwa jiko la mkaa.

Kabla ya kuandika, mfikirie msomaji wako. Chukulia ni dada yako aliyeko Bombambili, Songea. Nyumbani wamechanga fedha wakanunua sarara kwa ajili ya mahafali yako. Hana tanuri, wala hana sarara ya pili ya kujaribia.

Mfano wa insha

Sarara ni mnofu mrefu uliolala chini ya uti wa mgongo wa ng'ombe. Msuli huu haufanyi kazi nyingi kama misuli ya miguu, ndiyo maana ni laini. Vilevile una mafuta machache, hivyo ukipikwa kupita kiasi hukauka.

Kwanza, nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ondoa utando mweupe kwa kisu kikali, kwa sababu utando huo haulainiki.

Pili, kunja ncha nyembamba na uifunge kwa uzi safi wa pamba ili unene ulingane. Usipofanya hivyo, ncha itakauka kabla ya katikati kuiva.

Tatu, paka chumvi na pilipili manga, uiache kwa saa moja. Kisha ifute ikauke, kwa kuwa nyama yenye majimaji huchemka badala ya kukaangika.

Nne, pasha mafuta katika sufuria nzito. Igeuze nyama mpaka pande zote ziwe na rangi ya kahawia.

Tano, punguza moto wa chini, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko kama unavyooka keki. Fanya kazi hii nje, kwani moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Kwa sarara ya kilo moja na nusu, anza kukagua baada ya dakika 25. Choma sehemu nene kwa kijiti: majimaji yakitoka mekundu, bado, yakitoka maangavu, imeiva. Usiiepue ikiwa mbichi ndani, kwa sababu lava wa minyoo ya tegu huweza kuwa ndani ya msuli, na joto ndilo linalowaua.

Mwisho, epua, funika na uiache kwa dakika 10 hadi 15. Ukiikata mara tu inapotoka motoni, majimaji yake humwagika kwenye ubao. Ikate kwa kukatisha nyuzi za nyama.

Mambo ya kuzingatia

1. Kila hatua ina sababu. Angalia viunganishi *kwa sababu, ili, hivyo, kwa kuwa*. Msomaji anayejua sababu hairuki hatua.

2. Vipimo ni dhahiri. "Pika kwa muda" hakumsaidii mtu. "Dakika 25" na "majimaji maangavu" humsaidia.

3. Hatua zimepangwa kwa wakati wake. Watahiniwa wengi huandika: "Weka nyama kwenye sufuria. Lakini kabla ya hapo, ifunge kwa uzi." Dada yako anasoma huku anapika, akifika kwenye "lakini", nyama iko motoni tayari. Ukijikuta unaandika maneno hayo, rudi ukapange hatua zako upya.

Zoezi

(a) Ondoa sentensi ya kufuta nyama katika hatua ya tatu. Eleza kitakachotokea katika hatua ya nne.

(b) Taja viambishi vinavyoonesha nafsi katika maneno *uiache, ukiikata* na *usiiepue*.

(c) Andika insha ya maelekezo kuhusu chakula unachokipika mwenyewe nyumbani. Mpe mwenzako aisome, kisha akueleze hatua moja baada ya nyingine bila kukuuliza swali. Akiuliza, hapo ndipo ulipopoteza alama.