Kanka: Njiwa Anapokataa Kumeza

Mfugaji wa njiwa Mji wa Kale akiona kinda amenyong'onyea, hamezi na ananuka mdomo, amwangalie kooni. Utando wa manjano kama jibini ni dalili ya kanka, ugonjwa unaoletwa na vimelea viitwavyo trikomonasi. Utando huo usibanduliwe, kwani koo litavuja damu.

Kanka huenezwa na maji ya kunywa na uji mweupe ambao wazazi huwalisha makinda. Mzazi huweza kuonekana mzima ilhali ana vimelea. Kumtibu kinda pekee hakutoshi.

Ndui nayo huweza kuota mdomoni, hivyo njiwa apelekwe kwa daktari wa mifugo akiwa hai, ute wake upimwe kwa darubini. Dawa itumikayo sana ni metronidazoli, kwa kipimo cha daktari. Vidonge vya binadamu visitolewe kwa kukisia, na njiwa aliyetibiwa asiliwe.

Kinga ni rahisi: maji yabadilishwe kila siku, chombo kisuguliwe na kuanikwa juani, kwani vimelea hivi hufa vikikauka. Njiwa mgeni atengwe kwanza.