Choo cha Pwani na Chakula cha Dagaa

Kamati za sharika hutuuliza: mradi wa vyoo unahusianaje na samaki? Katika miamba ya matumbawe kama ya Unguja, maji ya mvua hupenya upesi yakibeba naitreti za vyoo na mbolea. Fosfati nyingi hunaswa na mawe ya chokaa. Naitreti hupita hadi baharini. Huko fitoplanktoni, vijimea vidogo mno ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha dagaa, kwa wastani huhitaji naitrojeni sehemu 16 kwa fosforasi 1. Uwiano ukivurugika, aina chache huzidi nyingine, pengine zenye sumu. Shimo lisilosakafiwa halizuii naitreti, hata likiwa mbali na kisima. Wafadhili wanaohesabu vyoo watuvumilie: bajeti iwe na saruji, na fedha za kunyonya shimo likijaa.