Kuanzishiwa Uchungu: Mambo Yafaayo Kujulikana na Mama na Jamaa Zake

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaarifiwa kwamba somo la ukurasa huu linahusu njia zinazotumika hospitalini kumwanzishia uchungu mama mjamzito ambaye muda wake umetimia, au umepita, na uchungu haujaja wenyewe. Mifano tumeichukua ng'ambo ya mkondo wa Pemba, katika Wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga. Familia nyingi za visiwani zina mabinti walioolewa huko na wakwe watokao huko. Aidha, Korogwe kumefanyika tafiti za ujauzito ambazo zinagusa jambo lililo kubwa kuliko yote katika suala hili, nalo ni hesabu ya wiki.

Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mama aliyetimiza wiki 41 kwa hakika aanzishiwe uchungu, kwa kuwa baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Maneno ya kuzingatia hapo ni "kwa hakika". Wazee wetu, na wengi wetu hadi leo, tunahesabu kwa miezi ya kuandama. Mwezi wa kuandama una siku 29 au 30. Basi miezi tisa ya namna hiyo ni siku 266 hivi, pungufu ya zile 280 kwa wiki mbili kamili. Mama aliyepata hedhi yake ya mwisho mwanzoni mwa Mfunguo Mosi atauona mwezi wa Rajabu unaandama naye hajajifungua, na nyumba nzima itaanza kunong'ona kwamba amepitiliza. Hajapitiliza. Ana wiki 38. Akipewa dawa ya uchungu siku hiyo, mtoto ataharakishwa kabla ya wakati wake bila ya sababu yoyote.

Kati ya mwaka 2008 na 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Korogwe, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, waliwafuatilia wajawazito wapatao elfu moja wa wilaya hiyo. Shabaha yao ilikuwa malaria katika mimba, si kuanzisha uchungu. Hata hivyo hawakuridhika na kumbukumbu ya hedhi peke yake; umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi mapema, na mwaka 2012 ikachapishwa chati ya uzito wa mtoto aliye tumboni iliyotokana na akina mama hao hao. Kuanzia mwaka 2014 utafiti mwingine, wa Korogwe na Handeni pamoja, uliwaandikisha wanawake hata kabla hawajashika mimba. Faida yake kwa msomaji wa kawaida ni hii: kipimo cha ultrasaundi kifanywe kabla ya wiki 24, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2016. Picha ya mwezi wa mwisho humwonesha mtoto alivyolala, lakini hesabu yake ya wiki yaweza kukosea kwa wiki tatu.

Kupitiliza si sababu pekee. Mama huanzishiwa pia ikiwa chupa imepasuka na uchungu haukufuata, ikiwa shinikizo la damu limepanda na kifafa cha mimba kinaogopwa, ikiwa ana kisukari, au, Mungu apishe mbali, mtoto amefia tumboni. Hapana ruhusa ya kuanzisha ikiwa mtoto amelala kingamo au kondo la nyuma limeziba njia. Mama mwenye kovu la upasuaji wa uzazi hapewi vidonge vya uchungu, kwani kovu laweza kufumuka.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Kabla ya yote mkunga hupima kwa vidole mlango wa kizazi: je, umelainika, umefupika, umefunguka kiasi gani? Jibu la hapo ndilo huamua njia. Iwapo mlango umeanza kufunguka, mkunga aweza kuzungusha kidole ndani yake ili kuitenga ngozi ya chupa na kizazi. Jambo hilo huuma kwa dakika chache, na matone ya damu baadaye si ajabu. Mama hurudi nyumbani, na uchungu waweza kuja ndani ya siku mbili, au usije.

Mlango ukiwa bado mgumu, ama huwekwa mpira mwembamba, ule ule wa kutolea mkojo, ambao kijipira cha nchani hujazwa maji ili kiusukume mlango taratibu; au hupewa dawa ya misoprostoli. Mpira huo hudondoka wenyewe mlango ukifunguka kiasi cha sentimita tatu, na mama asitaharuki unapotoka. Misoprostoli ni jamaa ya dawa ziitwazo prostaglandini, na yafaa ijulikane kwamba miongoni mwa waliotangulia kuonesha duniani kuwa dawa hizo zaweza kuanzisha uchungu ni Sultan Karim na wenzake wa Makerere, Kampala, mwaka 1968. Kwa hiyo elimu hii si ya kigeni kabisa katika Afrika Mashariki. Lakini hapa pana hatari kubwa. Kidonge cha misoprostoli aghalabu kina maikrogramu 200, ilhali kipimo cha kuanzishia uchungu ni 25 tu. Anayemnunulia mkewe kidonge kimoja dukani amempa dozi nane kwa mkupuo. Kukikata kwa wembe hakusaidii, maana vipande havilingani.

Mlango ukishalainika, chupa hupasuliwa na mama hutundikiwa dripu ya oksitosini, inayoanza kwa matone machache na kuongezwa hatua kwa hatua. Uchungu wa dripu hauji polepole kama ule wa asili. Hupanda haraka, na mama aambiwe mapema asije akadhani mambo yameharibika. Wakati wote huo mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa mara kwa mara, na ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika kumi, dripu hupunguzwa au kufungwa, kwani mtoto hukosa nafasi ya kuvuta pumzi baina ya mkazo na mkazo. Mama au jamaa aliye karibu ana haki ya kumwita mkunga na kumwambia kwamba mikazo haipumziki.

Shughuli yote huchukua siku moja, pengine mbili, hususan kwa mimba ya kwanza. Jamaa wanaongoja nje wasihesabu saa kumi na mbili kuwa ni kushindwa. Isipofaulu, madaktari hupima upya: hujaribu njia nyingine, au hufanya upasuaji. Kwa sababu hiyo uchungu hauanzishwi katika zahanati, bali mahali penye chumba cha upasuaji. Mama wa Mkata au Kabuku huenda hospitali ya wilaya ya Handeni. Wa Mombo au Bungu huteremka Magunga, Korogwe. Na mambo yakizidi, rufaa ni Bombo, Tanga mjini. Aliyeko mbali na asogee mapema akae kwa jamaa, kuliko kukodi gari usiku.

Limebaki lile ambalo watu hawapendi kulisema. Katika vijiji vingi vya bara, na visiwani vilevile, mama hunyweshwa mizizi au majani yaliyochemshwa ili uchungu uharakike, na wengine hupewa mafuta ya nyonyo. Hatuandiki hapa kuwakejeli wazee. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Mama akifika hospitalini na kikombe hicho tumboni, kisha akaongezewa vidonge au dripu, nguvu mbili hukutana, na kizazi chaweza kuchanika. Mama huficha kwa kuogopa kukaripiwa, na mkwewe huficha zaidi. Basi mkunga mwenye hekima huanza na heshima: "Shikamoo bibi. Hapa hatumlaumu mtu. Amekunywa kitu gani tangu jana?" Naye bibi akijibu, "Marahaba mwanangu, kikombe kimoja alfajiri," jawabu hilo laweza kuahirisha dripu kwa saa kadhaa na kuokoa watu wawili. Wauguzi wanaosoma ukurasa huu wanaombwa wauliza hivyo, wala wasimfokee anayejibu.

Wengine wametuuliza kuhusu tende. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Jordan uliwaangalia wanawake waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho, na waliohitaji kuanzishiwa au kuongezewa uchungu walikuwa wachache kuliko wenzao wasiokula. Walikuwa wanawake 114 tu kwa jumla, hivyo tende ni chakula chema, si dawa ya kumtoa mtoto aliyepitiliza. Mwenye kisukari amwulize daktari kwanza.

Hapa kwetu, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2014 waliandaliwa wakunga na madaktari mwongozo mfupi wa kuwahudumia wanaojifungua pamoja na mafunzo ya mara kwa mara, katika mradi uitwao PartoMa. Vifo vya watoto waliozaliwa wafu vilipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Kadhalika, matumizi ya oksitosini ya kuongeza uchungu yalipungua, hayakuzidi. Tunalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mkunga asiyetundika dripu upesi ni mvivu.

Mtoto akishazaliwa, mama hudungwa oksitosini kwa mara nyingine, safari hii vipimo kumi pajani, ili kizazi kijikaze na damu isivuje. Kizazi kilichofanyizwa kazi na dripu kwa muda mrefu huwa kimechoka na hulegea kwa urahisi. Kwa hiyo mama aliyeanzishiwa asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 24, na pedi au kanga ikilowa upya upesi, mkunga aitwe papo hapo, hata ikiwa ni usiku wa manane.