Mkono Kwanza, Daftari Baadaye

Mtoto wa darasa la kwanza anasoma vizuri tu, lakini akishika penseli herufi zinapanda mstari, zinashuka, zinagongana. Nyumbani anaitwa mvivu, anaambiwa ajaze ukurasa mzima. Adhabu hiyo iacheni. Mkono uliochoka hurudia kosa, na kosa lililorudiwa ukurasa mzima ndilo analolizoea. Mistari mitatu iliyotulia kwa siku inatosha, ikiwezekana asubuhi au baada ya kula, si usiku anaposinzia.

Mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kuumba herufi ni sehemu yake. Ila tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi yamefurika, na mwalimu wa Mlandizi au Maneromango, mkoani Pwani, hawezi kuinamia kila mtoto. Kazi hiyo inabaki kwa mzazi, na haidai fedha.

Tazama kwanza anavyokaa. Wengi huandika wamelala kifudifudi mkekani au wamepakata daftari. Kiwiko hakina pa kuegemea, kwa hiyo bega linafanya kazi ya vidole. Stuli ya plastiki iwe meza yake, yeye akae kwenye kigoda, nyayo zikanyage chini. Mkono usioandika ulishike daftari lisiteleze.

Penseli ndefu mpya iweke kando. Kipande kifupi, urefu wa kidole gumba, hakishikiki kwa ngumi: kitamlazimu akibane kwa gumba na kidole cha shahada, kikiegemea cha kati. Akikandamiza mpaka ncha inakatika, weka karatasi juu ya kanga iliyokunjwa. Itatoboka, naye atalegeza mkono bila kugombezwa.

Nguvu ya vidole haitoki kwenye daftari. Inatoka kwenye kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kuchambua choroko, kukamua tui. Kama kuna bibi anayesuka ukili, mwache mtoto akae naye. Kupitisha ukindu juu na chini kwa ncha za vidole ni zoezi zuri kuliko mengi ya dukani. Korosho tu asibangue, kwani mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.

Sasa herufi. Mchanga wa uani unyunyizie maji kidogo aandike kwa kidole, kubwa kubwa, mkono wote ukitembea. Akishazoea, chaki kwenye sakafu ya saruji, ndipo daftari. Usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na c, kwa sababu a, d, g na o zote zinaanza kwa mzunguko ule ule.

Ningemaliza wiki nzima kwenye a peke yake. Angalia anavyoiumba: wengi huchora duara kuanzia chini, wananyanyua penseli, kisha wanabandika kijiti pembeni. Mwelekeze aanzie juu kulia, azunguke kupitia kushoto, apande mpaka alipoanzia, ateremke, bila kunyanyua. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na a imejaa kila mahali. Ikikaa sawa, ukurasa wote unabadilika sura.

Usifundishe b na d siku moja. Kuzigeuza kabla ya kutimiza miaka saba si jambo la kutisha. Anayesoma madrasa jioni anaandika Kiarabu kutoka kulia, shuleni kutoka kushoto. Mwekee nukta ya rangi mwanzo wa mstari, basi.

Anayetumia mkono wa kushoto asipigwe wala asifungwe kitambaa. Kula kwa kulia ni adabu yetu, na aifuate. Penseli ni habari nyingine. Mlazie daftari upande wake wa kushoto, pembe ya juu kushoto ikiwa juu zaidi, na ashike penseli mbali kidogo na ncha aone anachoandika. Shuleni akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigombane.

Akisogeza uso hadi karibu na karatasi au akikodoa macho ubaoni, mpeleke akapimwe macho: Hospitali ya Tumbi kwa wa Kibaha, hospitali ya wilaya kwa wa Kisarawe, au hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam. Kama hata vifungo vya shati vinamshinda, mweleze daktari na hilo.

Muhula ukienda bila nafuu, nenda kwa mwalimu na madaftari mawili, la shule na la nyumbani. Mwandiko wa nyumbani ukiwa mzuri na wa shule mbaya, mkono hauna tatizo. Chunguzeni dawati, umbali wa ubao na kasi anayotakiwa kunakili nayo, na mwombe mwalimu amruhusu anakili nusu.