Betri ya Pili kwenye Land Rover
(Fizikia: umeme wa mkondo na sumakuumeme)

Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa sambamba, jumla ni volti ngapi? Kila mwaka wanafunzi wangu kadhaa huandika 24, tena kwa kalamu ya wino, bila wasiwasi. Kama na wewe ulikuwa unaelekea huko, soma mada hii polepole, ukiwa na karatasi na kikokotoo.

Tutatumia gari la kweli: Land Rover ya zamani ya mjomba wangu, Series III, iliyoko Kikwe. Magari haya si mageni kwa mtu wa Arusha. Oktoba 2024 yalijaa jijini kwenye tamasha lake, mengine yakiwa na umri kuliko walimu wako. Mjomba hulikodisha kwa wageni wanaopiga kambi. Nyuma ameweka friji ndogo ya volti 12 na taa. Safari ya kwanza walilala usiku mmoja, na asubuhi gari halikuwaka. Akamwona fundi, akaongezewa betri ya pili sambamba na ya kwanza. Safari iliyofuata walikaa siku mbili Ziwa Natron bila kuwasha injini. Gari likagoma tena, na wakasubiri nusu siku mpaka lipatikane gari la kuwashtulia. Aliporudi akaniambia, "Mwalimu, si wewe unayefundisha umeme? Nimenunua betri mbili, zote zimekufa. Nieleze."

Anza na hesabu. Friji inavuta ampia 4, lakini mota yake inafanya kazi kama nusu ya muda, kwa hiyo wastani ni ampia 2. Taa zinavuta ampia 1 kwa saa 6 kila usiku. Kila betri ina ampia-saa 70 (Ah).

Matumizi ya siku moja = (2 × 24) + (1 × 6) = 54 Ah
Safari ya kwanza, betri moja: 70 − 54 = 16 Ah
Safari ya pili, betri mbili: 140 − 108 = 32 Ah, yaani 16 Ah kila betri

Umeona? Betri ya pili ilimnunulia mjomba siku moja tu. Zikiwa sambamba moja kwa moja, zinashiba pamoja na kufa pamoja. Muunganiko sambamba huongeza ampia-saa. Volti hubaki zilezile. Ukitaka volti ziongezeke unaunganisha kwa mfuatano, na ndivyo ilivyo ndani ya betri yenyewe: seli sita, kila moja takriban volti 2.1, zinatoa 12.6 V. Betri mbili nzima kwa mfuatano zingetoa 25.2 V na kuunguza balbu zote za gari.

Sasa swali ambalo wengi hulirukia: kama bado zimebaki ampia-saa 16, kwa nini stata haizunguki? Jibu liko kwenye ukinzani wa ndani, r. Betri iliyoshiba tuipe volti 12.6 na r = 0.01 Ω. Stata tuipe ukinzani R = 0.053 Ω.

I = E / (R + r) = 12.6 / 0.063 = 200 A
Volti kwenye stata = 200 × 0.053 = 10.6 V

Betri iliyochoka: E = 11.8 V, r = 0.03 Ω.

I = 11.8 / 0.083 = 142 A
Volti kwenye stata = 142 × 0.053 = 7.5 V

Kwa volti 7.5 unasikia "tak, tak" chini ya boneti, basi. Zingatia kwamba E imeshuka kwa 0.8 V tu. Ukipima betri hii kwa voltimita bila mzigo unaona 11.8 na kudhani ni nzima. Mtego huu unapendwa na watunga maswali, na unawapata mafundi pia.

Dawa ya tatizo la mjomba ni moja: betri ziwe sambamba injini inapozunguka, zitengane injini inapozimwa. Betri ya mbele ibaki ya stata peke yake. Friji na taa zihamie kwenye betri ya nyuma. Kati yao inakaa rilei.

Rilei ni sumakuumeme yenye kazi ya swichi. Mkondo mdogo ukipita kwenye koili, kiini cha chuma laini kinakuwa sumaku, kinavuta kibanzi cha chuma, na mdomo wa sakiti kubwa unafunga. Mkondo ukikatika, springi inarudisha kibanzi na sakiti inafunguka. Kiini lazima kiwe chuma laini kwa sababu hupoteza usumaku haraka. Chuma cha pua kingebaki kimeng'ang'ania. Mimi hukata alama kwa anayeandika "chuma" tu.

Koili ipate umeme wapi? Fundi wengi huichukua kwenye swichi ya ufunguo kwa kuwa ni rahisi. Hapo pana hatari: ukiwasha gari, rilei inafunga kabla injini haijazunguka, na betri ya nyuma nayo inasukuma mkondo wa stata kupitia waya uliokusudiwa kuchaji tu. Sisi tuliichukua kwenye ncha ya alteneta inayohudumia taa ya chaji. Ncha hiyo inafikia volti za kuendesha koili pale tu alteneta inapozalisha, kwa hiyo stata inafanya kazi na betri yake peke yake.

Tukaja kwenye waya, na hapa nilibishana na mjomba kwa sababu waya mnene ni ghali. Kutoka mbele hadi nyuma ni mita 4. Shaba ina ρ = 1.7 × 10⁻⁸ Ωm. Tumia R = ρL/A:

Waya wa 2.5 mm²: R = (1.7 × 10⁻⁸ × 4) / (2.5 × 10⁻⁶) = 0.0272 Ω
Waya wa 16 mm²: R = 0.00425 Ω

Mkondo wa kuchaji ukiwa 30 A, waya mwembamba unapoteza 0.82 V. Alteneta ikitoa 14.2 V, betri ya nyuma inapata 13.4 V na haishibi vizuri. Tena I²R = 900 × 0.0272 = wati 24 za joto ndani ya waya uliopita chini ya zulia. Waya mnene unapoteza 0.13 V tu. Mjomba alinunua mnene. (Kosa la kawaida: kusahau kugeuza mm² kuwa m². Zidisha kwa 10⁻⁶, si 10⁻³.)

Fyuzi ziwe mbili kwenye waya huo, moja karibu na kila betri. Wengi huweka moja mbele na kuridhika. Fikiri: waya ukichubuka katikati na kugusa bodi, umeme utakuja kutoka pande zote mbili, maana kila upande una chanzo. Fyuzi ya mbele ikikatika, betri ya nyuma inaendelea kuuchoma waya.

Machache ya usalama, ambayo yanaweza kuulizwa hata kwenye Kemia. Betri ya tindikali ya salfuriki inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni yenye hewa hulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo betri ya nyuma tuliifungia kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje ya gari. Wakati wa kufungua, anza na ncha hasi: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, umetengeneza shoti. Lakini angalia gari kwanza. Baadhi ya Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 ncha iliyofungwa kwenye bodi ni chanya, na kwa hizo unaanza na chanya.

Zoezi
Betri ya mbele ya mjomba imeshiba (12.6 V, 0.01 Ω). Ya nyuma imechoka (11.8 V, 0.03 Ω). Rilei inapofunga, alteneta ikiwa bado haijachangia kitu, mkondo gani unapita kati ya betri hizo, na unaelekea wapi? Puuza ukinzani wa waya.

Jibu
Tofauti ya volti = 12.6 − 11.8 = 0.8 V
Jumla ya ukinzani = 0.01 + 0.03 = 0.04 Ω
I = 0.8 / 0.04 = 20 A, kutoka betri ya mbele kwenda ya nyuma.

Rudia sasa ukiingiza ukinzani wa waya wa 2.5 mm². Utapata takriban 11.9 A.