Mtoto Akichelewa, Mume na Mke Waende Pamoja

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, macho humgeukia mke. Yeye ndiye hukandwa tumbo na kunyweshwa mitishamba, na mume haulizwi lolote. Miaka hupotea hivyo, ilhali mayai ya mwanamke hupungua kadiri umri unavyosonga. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mume pia, au kwake peke yake. Mwende pamoja tangu siku ya kwanza.

Mwende lini, na wapi

Nendeni ikiwa mmekutana bila kinga miezi 12 na mimba haijaingia. Mke akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Hedhi ikiwa hupotea au huumiza mno, au mume aliwahi kupasuliwa korodani, nendeni mara moja.

Hapa kisiwani, anzeni kwa daktari wa magonjwa ya wanawake: Hospitali Kuu ya Pwani, Aga Khan, Pandya au Mombasa Hospital. Mke akitaka daktari mwanamke, aseme mapema.

Vipimo

Mume hupimwa mbegu. Ajizuie siku 2 hadi 7. Akitoa sampuli nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja bila kupoa. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa, kwani mbegu huchukua karibu miezi 3 kukomaa na homa kali yaweza kuzipunguza.

Mke hupimwa homoni za damu, ultrasaundi ya kizazi, na eksirei ya mirija ya uzazi siku chache baada ya hedhi. Mirija huzibwa mara nyingi na klamidia au kisonono, maradhi yanayoweza kukaa mwilini bila dalili.

Matibabu

Yai lisipokomaa, vidonge kama letrozole hutosha kwa wengi. Mirija ikiwa wazi, daktari aweza kuziingiza mbegu zilizosafishwa moja kwa moja kwenye mji wa mimba. Mirija ikiziba, mayai huvunwa, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete hurudishwa tumboni. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza 1978. Wa kwanza nchini Kenya walizaliwa Nairobi 2006. Mbegu zikiwa chache mno, moja hudungwa ndani ya yai.

Mzunguko mmoja wa kurutubisha maabara hugharimu laki kadhaa za shilingi, na hakuna daktari wa kweli anayeahidi mimba. Kabla ya kulipa, ulizeni: Kliniki ina leseni ya Baraza la Madaktari? Bei imejumuisha dawa? Wanawake wa umri wa mke wangapi wamejifungua, si kushika mimba tu? Mkitibiwa Nairobi, ulizeni ni ultrasaundi zipi zaweza kufanywa Mombasa.

Dini na sheria

Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Amman likaruhusu kurutubisha yai la mke kwa mbegu za mumewe wakiwa ndani ya ndoa, na likakataza yai, mbegu au tumbo la mtu wa tatu. Mwislamu anayetaka kumlea mtoto asiye na wazazi ana njia ya kafala, yaani ulezi usiobadili nasaba ya mtoto, inayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022; wasio Waislamu waweza kuasili.

Mama mkwe na mashangazi, nanyi mna kazi. Mwambieni kijana wenu afuatane na mkewe hospitali, naye apimwe.